Dakika tatu kabla ya kukata kitovu: tathmini ya wodi ya wazazi niliyojifungulia Pemba

Nimejifungua mara tatu, zote kisiwani Pemba na zote katika vituo vya serikali. Tathmini hii inahusu uzazi wa tatu, uliokuwa mwezi wa Rajabu, na ndani yake nataka kuzungumzia jambo moja ambalo wengi wetu hatulitazami, kwa sababu linapofanyika tumeshachoka na macho yetu yote yako kwa mtoto: mkunga anasubiri muda gani kabla ya kukata kitovu. Kituo chenyewe sikitaji kwa jina. Wakunga wawili walionihudumia waliniomba nisiwatambulishe, na katika sehemu yetu ukishataja kituo umeshawataja na watu wake.

Mwanangu wa kwanza alikatwa kitovu kabla sijaisikia hata sauti yake. Nakumbuka mlio wa vibanio viwili, mkasi, kisha mtoto akapelekwa mezani upande wa pili wa chumba ilhali mimi nabaki nimeinua kichwa nimtafute. Hakuwa na tatizo lolote la kupumua. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa pale, na wa pili naye alipozaliwa mambo yakawa hivyo hivyo. Yule wa kwanza alipofika miezi minane alipimwa damu ikaonekana ni pungufu, na tukahangaika naye kwa muda mrefu. Siwezi kusema kwamba ule mkasi ndio uliosababisha, kwani upungufu wa damu kwa mtoto una njia nyingi, na mimi mwenyewe nilikuwa na damu kidogo katika mimba ile. Lakini tangu nilipojua kwamba sehemu ya damu yake ilibaki kwenye kondo la nyuma ikaenda kuzikwa uani, jambo hili halijanitoka moyoni.

Mara hii nilifika kituoni saa nane za usiku nikiwa na wifi yangu na mamaangu. Mkunga wa zamu alikuwa mtu mzima, mwenye mikono mizito na sauti ya chini. Nilipomwambia, kwa haya kidogo, kwamba ningependa kitovu kisikatwe haraka, hakushangaa wala hakuniona mjuaji. Alisema: "Hewala, mwanangu. Mtoto akitoka analia, tutasubiri. Akitoka hapumui vizuri, nitafanya linalompasa, nawe utaniwia radhi." Sentensi hizo mbili zilinitosha, kwa sababu zilinionesha kwamba anaijua kanuni na anaujua pia mpaka wake.

Mtoto alitoka kabla ya adhana ya alfajiri, akalia papo hapo. Mkunga alimpangusa kwa kanga kavu, akamlaza tumboni pangu ngozi kwa ngozi, akamfunika kwa kanga ya pili na kumvisha kofia. Msaidizi wake alinichoma sindano ya pajani, ile ya kukaza mfuko wa uzazi. Kisha likatokea jambo ambalo sikuwahi kuliona katika uzazi wa kwanza na wa pili: watu wote wakatulia. Mkunga alikishika kitovu baina ya vidole viwili vyenye glavu, akakiinua kidogo ili nikione. Kilikuwa kinene kuliko kidole changu cha shahada, kimejisokota kama kamba ya ngalawa, cha rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu, kinang'aa, na ndani yake mna kitu kinapiga. "Mtazame, mamaangu, bado anapokea," alisema. Wifi yangu alikuwa ameshika simu akihesabu muda. Dakika ya kwanza kitovu kilikuwa kimejaa. Ya pili kikaanza kulegea. Ilipopita ya tatu kilikuwa kimenywea, cheupe, laini kama utambi uliolowa, na mkunga akasema mapigo hayasikiki tena. Hapo ndipo alipoweka vibanio na kukata. Simu ilionesha dakika tatu na sekunde ishirini. Kondo la nyuma lilitoka baada ya muda mfupi, zima, na damu iliyonitoka haikumtia mkunga wasiwasi wowote.

Kwa wasiojua kinachotokea katika dakika hizo, nitaeleza kama nilivyoelezwa na kama nilivyosoma baadaye. Kiungamwana, ambacho sisi sote hukiita kitovu tu, kina mishipa mitatu: miwili inapeleka damu kutoka kwa mtoto hadi kwenye kondo la nyuma, na mmoja, ambao ni mpana zaidi, unairudisha kwake. Mtoto anapozaliwa, damu yake haiko yote mwilini mwake. Sehemu kubwa bado inazunguka katika kondo. Akiachwa, damu hiyo inaendelea kumiminika kwake, nyingi yake katika dakika ya kwanza na iliyobaki hadi kufikia ya tatu. Kwa mtoto aliyetimia miezi yake, kinachoingia hukadiriwa kuwa mililita 80 hadi 100. Ukizitia katika vikombe vya kahawa ya barazani, hazitazidi finjani mbili, na mtu mzima asingehisi kuzipoteza. Lakini mtoto wa kilo 3 ana mililita 80 hivi kwa kila kilo yake, kwa hiyo kumnyima kiasi hicho ni kumnyima kama thuluthi ya hazina aliyoumbiwa.

Ndani ya damu hiyo muna madini ya chuma. Chembe nyekundu za ziada huvunjwavunjwa katika wiki za mwanzo, na chuma chake huwekwa akiba mwilini. Akiba hiyo ndiyo inayomtegemeza mtoto katika miezi sita ya kunyonya peke yake, kwa kuwa maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Kwa maneno mengine, tunda la dakika tatu za alfajiri ile halionekani siku ile. Linaonekana mtoto anapofika miezi minne, sita au minane, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena mkasi ulipita saa ngapi.

Shirika la Afya Duniani limeshatoa mwongozo juu ya jambo hili tangu mwaka 2014: kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja kupita, na muda unaofaa ni baina ya dakika moja na tatu, kwa wanaojifungua kwa njia ya kawaida na kwa upasuaji pia, na hata kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI. Haraka ya kukata iliingia hospitalini katika miaka ya 1960, ikiwa sehemu ya utaratibu wa kumkinga mama na kutokwa na damu nyingi: sindano, kukata mapema, kuvuta kondo kwa uangalifu. Sindano ilithibitika kwamba inaokoa maisha. Kukata mapema, kulipochunguzwa peke yake, hakukuonekana kumsaidia mama kwa lolote. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya majaribio 15 yenye kina mama 3,911 na watoto wao haukuona tofauti katika kutokwa na damu nyingi baina ya waliokatwa mapema na waliochelewa. Naliandika hili kwa urefu kwa sababu ndiyo khofu ya kwanza ninayoisikia kwa wazee wetu: kwamba kumsubiri mtoto ni kumwacha mama avuje. Sindano huchomwa kitovu kikiwa bado hakijakatwa, kama nilivyochomwa mimi.

Huko Uswidi, katika utafiti wa watoto 400 uliochapishwa mwaka 2011, waliosubiriwa kwa dakika tatu walipofika miezi minne, wenye upungufu wa chuma walikuwa asilimia 0.6 tu, na katika waliokatwa ndani ya sekunde kumi walikuwa asilimia 5.7. Mtu anaweza kusema Uswidi ni nchi ya watu wanaokula vizuri. Basi atazame Nepal: mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa watoto 540, na walipofika miezi minane upungufu wa damu ulikuwa kwa asilimia 73 ya waliosubiriwa na asilimia 82 ya waliokatwa mapema. Tofauti ipo, lakini asilimia 73 nayo inanisikitisha, kwani inaonesha kwamba dakika tatu pekee haziwezi kubeba mzigo wa mimba yenye upungufu wa damu, minyoo na uji mtupu.

Sisi wa Pemba tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili kuliko wengine. Kisiwa hiki kimeshiriki katika tafiti kubwa za madini ya chuma ambazo dunia nzima inazitaja. Kupitia Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, watoto wetu 24,076 wenye umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 waliingizwa katika utafiti ambao baadhi yao walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Mwaka 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 yalionesha kwamba waliopewa chuma walilazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, kwa ongezeko la asilimia 12, katika mazingira ambayo malaria ilikuwa imeenea sana. Haikuwa na maana kwamba chuma ni sumu. Kikundi kidogo cha watoto waliofuatiliwa kwa karibu, ambao walikuwa na upungufu wa kweli na wakipimwa na kutibiwa malaria, walipata nafuu. Lakini lilikuwa funzo zito, kwamba mtoto hapewi chuma cha dawa kiholela bila ya kuangaliwa. Malaria imepungua sana Zanzibar tangu wakati ule, na wataalamu ndio wenye kusema nini kibadilike. Mimi, kama mama, ninachokiona ni kwamba mahala ambapo dawa ya chuma inahitaji hadhari kiasi hicho, ni dhuluma kuimwaga akiba ambayo Mwenyezi Mungu ameshamwekea mtoto katika damu yake mwenyewe, isiyohitaji kidonge wala kununuliwa.

Marehemu bibi yangu, mzaa baba, alikuwa akisema kwamba mkunga aliyempokea babaangu kijijini hakugusa wembe mpaka zalio, yaani kondo la nyuma, lilipotoka. Simkumbuki bibi ili nimwambie mtu ajifungulie nyumbani. Wembe ule ule uliosubiri kwa subira ndio uliokuwa ukileta pepopunda. Namkumbuka kwa sababu mamaangu, aliyekuwa amesimama pembeni na tasbihi mkononi, alipoona tunasubiri alinong'ona: "Ndivyo walivyokuwa wakifanya wenyewe." Yeye hakuwa na haja ya kuelezwa chochote.

Sasa niseme yaliyopungua, kwani huduma nzuri inastahili kusemwa ukweli wake.

Kwanza, sikuelezwa jambo hili kliniki. Nilihudhuria mara sita, nikapimwa shinikizo la damu, nikapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo, nikafundishwa kuandaa kanga, beseni na nauli ya gari. Hakuna mara hata moja niliyoambiwa kwamba kitovu kinaweza kusubiriwa. Nililijua kwa njia nyingine, na kama nisingelijua nisingelisema. Mkunga aliniambia kwamba yeye husubiri hata asipoombwa, nami naamini. Lakini mwenzangu wa kitanda cha pili, aliyejifungua saa moja baada yangu wakati wazazi wawili walikuwa wamefikia kusukuma kwa pamoja, mtoto wake alikatwa kitovu mara tu alipolia. Sikuhesabu, ila haikufika dakika. Mkunga alikuwa mmoja na msaidizi mmoja, na simlaumu aliyeshika kazi mbili. Ninachosema ni kwamba jambo lenye faida hii halipaswi kutegemea bahati ya kukuta wodi imetulia.

Pili, chumba hakikuwa na saa inayofanya kazi. Ile ya ukutani ilisimama kwenye saa kumi na robo, na wifi yangu asingekuwa na simu yenye chaji tungekisia. Dakika tatu za mtu aliyechoka ni fupi sana. Nilipoulizwa kabla ya kuoneshwa simu, nilidhani imepita dakika moja. Tena muda wa kukata haukuandikwa popote. Uzito uliandikwa, saa ya kuzaliwa iliandikwa, jinsia iliandikwa, na kitovu hakikuwa na mstari wake.

Tatu, na hili ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, niliruhusiwa kurudi nyumbani adhuhuri ile ile bila ya kuambiwa niangalie umanjano. Damu ya ziada ina upande wake wa pili: chembe zake zinapovunjwa hutoa rangi ya manjano, na baadhi ya watoto inawazidi. Katika ule uchambuzi wa 2013, waliohitaji kuwekwa chini ya taa kwa ajili ya umanjano hawakufika watatu katika kila mia kwa waliokatwa mapema, na walizidi kidogo wanne kwa waliosubiriwa. Ni wachache, na taa inatibu, lakini ni lazima mama ajue. Kanuni ni kwamba mzazi na mtoto wakae kituoni angalau saa 24, kisha mtoto aonwe tena siku ya tatu, na tena kabla ya kutimia wiki mbili. Mimi niliondoka baada ya muda wa saa nane hivi tangu kujifungua, kwa sababu vitanda vilijaa. Nyumbani, mzazi na mtoto wake hukaa chumba cha ndani, dirisha limefungwa na pazia limeshushwa, na katika giza lile mtoto anaweza kuwa wa manjano kama bizari na watu wasione. Mie nilimtoa barazani kila asubuhi, nikambonyeza pua na kifua kwa kidole katika mwanga wa jua lililopanda, nikatazama weupe wa macho yake. Siku ya tatu usoni palikuwa na manjano kidogo, hayakushuka kifuani, na yalikwisha yenyewe kabla ya wiki. Mtoto ambaye manjano yake yanaanza siku ya kwanza, au yanafika kwenye viganja na nyayo, au ambaye ameacha kunyonya na analala kupita kiasi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingojwe jua.

Kuna mambo madogo ambayo naliyaona yalifanywa vizuri na ningependa yajulikane. Mamaangu aliuliza kama kitovu hakingeweza kukamuliwa kuelekea kwa mtoto ili tumalize upesi. Mkunga alikataa kwa upole, akasema kusubiri ndiyo njia aliyofundishwa na hakuna la kuharakisha. Baadaye nilisoma kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kukamua kitovu cha watoto waliozaliwa kabla ya wiki 28 kunaendana na kuvuja damu ubongoni, nikamshukuru tena kwa msimamo wake. Vilevile hakumshusha mtoto chini ya usawa wangu, jambo ambalo zamani lilidhaniwa ni la lazima. Utafiti wa Argentina wa mwaka 2014 ulionesha kwamba mtoto aliyelazwa tumboni au kifuani kwa mama hapungukiwi na damu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga na mama ili asubiri.

Upasuaji ndio pengo kubwa. Dada yangu alijifungulia hospitali nyingine baada ya kupewa rufaa, akasema ombi hilo hilo mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akajibiwa kwamba kule mambo hayo hayafanyiki. Mwongozo unasema yanafanyika, mama na mtoto wakiwa salama. Karatasi ya rufaa inayobeba shinikizo la damu na kundi la damu ingeweza kubeba mstari mmoja zaidi. Na kwa watoto njiti, ambao ndio wenye haja zaidi, uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 ulionesha kwamba kuchelewesha kukata kunapunguza vifo vyao kabla ya kutoka hospitali. Hao ndio wanaokatwa haraka kuliko wote, kwa sababu kila mtu chumbani ana khofu.

Kwa uangalizi wa wakati wa kujifungua nakipa kituo kile alama tisa katika kumi. Kwa maelezo kabla ya kujifungua na baada yake, nne. Mjamzito anayetaka kusubiriwa aseme kliniki, aseme tena anapopokelewa wodini, na amwambie anayemsindikiza awe na kitu cha kuhesabia dakika. Na akubali mapema kwamba mtoto akihitaji kusaidiwa kupumua na kitovu kikawa kinazuia, mkunga akate bila ya kuomba ruhusa.

Maoni haya niliyatoa kwa mdomo kwa mkuu wa kituo nilipokwenda wiki ya sita kumchanja mtoto. Alinisikiliza, akaandika katika daftari lake. Nilipochungulia chumba cha kujifungulia kumsalimia mkunga wangu, niliona saa mpya imetundikwa mbele ya kitanda, upande ambao anayejifungua na anayempokea mtoto wanaweza kuiona wote. Mkunga alimshika mwanangu, akaivuta chini kope ya jicho lake kutazama rangi ya ndani, akasema: "Mwekundu huyu." Mstari wa kuandika muda wa kukata kitovu, aliniambia, bado unangojewa.